Kompyuta ya Baba Haizimi Nikiwepo

Niseme mapema, usije ukaniona mkali bure: mimi kompyuta ndiyo kazi yangu. Jumatatu hadi Ijumaa nahudumia shule yenye walimu themanini, na kila mmoja anaapa hajagusa kitu. Ijumaa nikifika kwangu Gent, huku Ubelgiji, sitaki hata kuiona simu. Kwa hiyo Marnix aliponipigia mwezi wa kwanza kuniambia kompyuta ya baba yangu imepata wazimu, nilikaa kwenye ngazi na koti langu mwilini, nikatamani kulia.

"Binti Achiel," akasema, "mzee wako anatutoroka. Kila Jumapili tunaanza naye vizuri, tukifika katikati ya mlima, hayupo."

"Anachoka?"

"Achiel achoke? Usinichekeshe. Picha yake inaganda, halafu anapotea. Jumapili iliyopita mara tatu. Tunamngoja mpaka tunaota ndevu."

Marnix ndiye kiongozi wa chama cha baiskeli cha kijijini kwetu, Nokere. Wakati wa baridi, barabara zikishika barafu, wale wazee hawatoki nje. Kila mmoja anafunga baiskeli yake kwenye stendi ndani ya nyumba, anawasha kompyuta, na programu inawakusanya wote kwenye skrini moja: vijitu vya picha vinapanda mlima wa picha, na wenyewe wanatukanana kupitia vipokea sauti vya masikioni. Watu wa miaka sabini na kitu, wajukuu wanao.

Lakini kwa baba yangu huo haukuwa mchezo. Alifuga njiwa wa mashindano, wale wanaofunguliwa mbali washindane kurudi bandani kwao, kwa miaka hamsini, na ule unga wa manyoya yao ulimwingia mapafuni ukaanza kuyakausha. Mwezi wa tisa daktari wake, mama mmoja asiye na maneno mengi, alimpa masharti mawili. Njiwa waondoke wote. Na yeye aendeshe baiskeli mara tatu kwa wiki, saa nzima mfululizo bila kupumzika, ili mapafu yaliyobaki yasisinzie. Tarehe ishirini mwezi wa pili angepuliza tena kwenye mrija wa kupimia. Namba zikishuka, ni mtungi wa oksijeni na bomba puani mpaka siku anakufa.

Njiwa aliwauza mwezi wa kumi, wote siku moja, kama wafugaji wetu wanavyofanya wakiacha: ukumbi wa parokia, meza ndefu, watu wanawapapasa mabawa ndege wako mbele ya macho yako. Thelathini na wanane. Hata yule jike wa buluu aliyekuwa wa marehemu Mama alikwenda. Mimi nilikuwa nimemshikia Baba koti. Kesho yake alilibomoa banda ubao mmoja mmoja, peke yake, akikohoa.

Sasa kilichobaki ni hiyo saa moja, na kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiikatakata. Ikizima, anashuka, anaiwasha upya, anangoja dakika kumi, mwili umeshapoa. Saa ya vipande vipande haikuwa dawa. Ndiyo maana Jumamosi nikapanda gari nikaenda, ingawa nilikuwa hoi.

"Nani kakuita?" ndiyo salamu niliyopokelewa nayo.

"Marnix."

"Marnix ana mdomo kama kengele ya kanisa. Ingia, kahawa ipo. Hiyo mashine achana nayo, mama, ni kitu kidogo."

"Kitu kidogo ndicho kinachoniua kila siku, Baba. Nionyeshe."

Baiskeli ilikuwa kwenye chumba cha Mama cha kushonea. Skrini ukutani, baiskeli imeielekea, na kompyuta yenyewe ipo nyuma ya baiskeli, juu ya kabati la cherehani, ili jasho lisiifikie. Chumba kilikuwa baridi kama kaburi. Dirisha lilikuwa wazi kiasi cha mkono kupita, mwezi wa kwanza huo.

"Unataka kufa na nimonia sasa?"

"Natokwa na jasho," akasema. "Funga ukitaka."

Nilifanya yote ambayo fundi hufanya. Niliifuta programu inayoendesha kadi ya picha nikaiweka upya. Nilipunguza ubora wa picha mpaka mlima ukafanana na kiazi. Nilifunga kila kitu kilichokuwa kikijiendesha nyuma ya pazia. Kisha niliiacha ile baiskeli ya picha izunguke saa mbili nzima huku nikinywa supu ya Baba, na haikutikisika. Nikarudi Gent nikijisifu.

Jumapili saa tano asubuhi, ujumbe wa Marnix: *Mara mbili.*

Jumamosi ya pili nilikwenda na bisibisi. Nilifungua sanduku la kompyuta na loo, feni ya kadi ya picha ilikuwa imevaa blanketi jeupe la vumbi. Nikacheka kwa furaha, maana fundi akiona uchafu hufurahi. Nilidhani ni vumbi la miaka yote ya njiwa lililoganda ndani ya nyumba. Nililisafisha kwa brashi, nikapuliza kila kona, nikaifunga. Halafu nikapanda baiskeli mwenyewe, mimi na magoti yangu haya, nikaendesha dakika arobaini. Baba alisimama mlangoni.

"Unaendesha kama padri," akasema.

"Inazima? Haizimi. Basi nyamaza."

Jumapili: *Mara tatu. Binti Achiel, ukarudishe cheti chako.*

Nilichoka mpaka nikaanza kuichukia ile mashine kama mtu. Nikiwepo haizimi, nikiondoka inazima. Kazini nina mwalimu wa jiografia mwenye kompyuta ya aina hiyo na siku zote huwa ninamwambia tatizo ni yeye. Bahati nzuri, kabla sijapanda baiskeli nilikuwa nimeiwekea kiprogramu kidogo cha kuandika joto la kadi kila dakika, mchana kutwa, wiki nzima.

Jumamosi ya tatu sikunywa hata kahawa. Nilikaa sakafuni nikasoma. Siku niliyoendesha mimi, joto lilifika nyuzi sitini likatulia hapo hapo. Jumapili, Baba akiendesha, lilianza sitini, halafu ghafla likapanda: sabini, themanini, tisini na nne, kisha ikazima, mara tatu zile zile. Jumatano, vivyo hivyo, mara mbili. Ijumaa lilipanda, likashuka lenyewe, likapanda tena. Katika chumba ambacho maji yangeganda! Feni ilikuwa nzima. Kitu pekee kinachoweza kufanya hivyo ni mtu kuja na mto akauweka juu ya matundu ya kutolea joto, kisha akauondoa, kisha akaurudisha.

Nilisimama nikaangalia juu ya lile sanduku, kwenye matundu. Pamefutwa. Pamefutwa vizuri mno, na mwanamume ambaye hajawahi kufuta meza yake ya jikoni tangu Mama afariki. Nikalifungua. Feni niliyoisafisha wiki moja iliyopita ilikuwa nyeupe tena.

Nilichukua ule unga kwa kidole nikausugua. Mlaini, una mafuta kidogo, haufanani na vumbi la nyumba. Nimekulia kwenye unga ule. Nilikwenda nao shuleni kwenye sweta langu na watoto wakanicheka. Hakuna mtu wa kunidanganya ule ni unga wa nini.

"Baba," nikaita. "Yuko wapi?"

Alitokea mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. "Nani?"

"Za mwizi ni arobaini, Baba. Njiwa yuko wapi?"

Kule chumba cha kufulia, kitu kilinguruma taratibu, ile sauti ya kooni ya jike aliyeshiba. Baba akafumba macho.

Alikuwa kwenye kikapu cha kusafirishia, amefunikwa taulo, mguuni ana pete yake ya namba. Jike wa buluu wa Mama. Mama alimlea jikoni kwa kijiko, kwenye boksi la viatu, ile masika yake ya mwisho alipokuwa hawezi tena kutoka nje. Nilimtambua kabla sijaisoma pete.

"Aliyemnunua yuko Limburg," Baba akasema, akiongea na ule ukuta. "Alimfungulia mapema mno, kabla hajapazoea kwake, mpumbavu yule. Mwezi wa kumi na moja, na ukungu wote ule. Kaja mwenyewe. Kafika, banda hakuna, akakaa kwenye dirisha la jikoni ananitazama."

"Hukumpigia simu huyo aliyemnunua?"

"Nilipiga siku ile ile. Mimi si mwizi." Alikohoa, akashika ukingo wa mashine ya kufulia mpaka kikohozi kikapita. "Akasema njiwa asiyekaa hamtaki. Akasema nimtie kwenye supu."

Watu wetu ndivyo walivyo, na Baba mwenyewe kwa miaka hamsini amewatia wengi kwenye supu bila kupepesa jicho. Lakini hasira yangu ilikuwa bado inatafuta njia.

"Na kule juu ya kompyuta anafanya nini?"

"Pana joto. Nikianza kuendesha, yeye anaruka anakwenda kukaa pale."

"Unajua kwamba yeye ndiye anayeizima?"

Akaanza kukikunja kile kitambaa cha vyombo.

"Baba. Umejua tangu lini?"

"Tangu Krismasi hivi."

Ebo! Nilimpigia kelele. Nasema ukweli, nilimpigia kelele baba yangu mgonjwa ndani ya chumba cha kufulia. Jumamosi tatu! Magoti yangu! Na yeye amesimama mlangoni ananiambia naendesha kama padri, huku ndege kamficha chini ya taulo! Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimuuliza na mapafu je, akasema, "Dirisha si naliacha wazi." Dirisha! Kana kwamba ule unga unasoma njia ya kutokea.

Nilipoishiwa pumzi nikagundua yeye ndiye aliyekuwa anahema kama aliyepanda mlima. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Nikaogopa. Nilishusha sauti nikasema kile nilichokuwa nimekibeba tangu mwezi wa tisa.

"Mama nimeshamzika. Wewe sitaki kukuzika kwa ajili ya njiwa."

Alikaa juu ya kapu la nguo. Yule jike alikuwa anatembeatembea ndani ya kikapu chake, kucha zinakwaruza. Mwishowe Baba akainuka, akamtoa, akamshika kama wafugaji wanavyoshika, miguu katikati ya vidole na kidole gumba mgongoni, akamnyoosha bawa moja akalitazama. Kisha akamrudisha, akafunga ule mkanda wa ngozi, akanipa kikapu.

"Mpelekee Katrien," akasema. Katrien ni binamu yangu wa upande wa Mama, ana banda lake karibu na Veurne. "Mwambie asimfungulie. Si mwezi huu, si mwaka huu. Asimfungulie kabisa. Akimfungulia atarudi, na akirudi mimi sitaweza kumfukuza."

"Nitamwambia."

"Mwambie anapenda karanga."

Nilimpeleka jioni ile. Njia nzima sikuwasha redio, kwa sababu alikuwa ananguruma kwenye kiti cha nyuma na sikutaka aone mimi ni adui. Katrien akamweka chumba cha wavu pamoja na majike wa kuzalisha, wale wasioruka tena. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona inayoelekea mashariki, kwetu, akabaki pale.

Jumapili asubuhi nilirudi Nokere na mkate wa zabibu. Nilikuwa nimesafisha feni, nimefuta kabati, na nilikaa kwenye kiti cha Mama cha cherehani nikitazama namba za joto. Sitini. Sitini na moja. Baba alikuwa ananyonga pedali mgongo wake umenielekea, na Marnix anapiga kelele masikioni mwake mpaka mimi nasikia.

"Achiel! Bado upo? Mlimani bado upo?"

"Nipo."

"Jamani, Achiel yupo! Mwacheni apite mbele, mzimu umefufuka!"

Nusu saa. Dakika arobaini na tano. Sitini na moja. Kikohozi kilimjia mara moja tu. Saa ilipotimia vile vijitu vya picha vikainua mikono, wazee wakapigiana makofi kila mtu nyumbani kwake.

"Haijazima hata mara moja, Baba," nikasema. "Saa nzima."

"Nimeona."

Alivua vile vya masikioni akajifuta uso kwa taulo. Hakugeuka. Aliendelea kukaa juu ya baiskeli akiitazama skrini, pale kijitu chake kilipokuwa kimesimama peke yake barabarani.

"Mimi huku nyuma sioni," akasema. "Picha ikiganda, ndipo najua jike wa mama yako ameshapanda amekaa."

Kisha akashuka, polepole, akaenda akafunga dirisha.