Mwalimu Mmeelewa

Jina hilo nilibandikwa na mwalimu wa darasa la nne, ambaye shule nzima tunamwita Mama Kengele, kwa kuwa sauti yake ingetosha kuita wanafunzi hata kengele yenyewe ikiibwa. Mwalimu mkuu alikuwa ameniambia kwamba Ijumaa angekuja kusikiliza somo langu la kutoa kwa kukopa. Watoto wakibabaika tena, darasa langu la pili angepewa mtu mwingine. Nami nilishawazoea, nikijua hadi nani ana pengo jipya.

Nikamwomba Mama Kengele aje anitazame. Akampakata mwanangu mchanga, niliyekuwa nikija naye kazini, wakakaa dawati la mwisho kama wanafunzi wawili waliochelewa. Nikafundisha, nikauliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyooo!"

Moyo ukatulia. Kumbe mwenzangu ananisubiri. Alisimama akawaambia watoto kwamba ukitoa mbuzi kwenye ndoo unabaki na Jumanne. "Mmeelewa?"

"Ndiyooo!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Ofisini alinimiminia chai, akasema hata mumewe humwitikia vivyo hivyo akimwomba atengeneze banda la kuku, na mpaka leo halifungiki.

"Huo ni wimbo, shoga yangu. Wape kiitikio kingine."

Tukawapa neno "bado". Anayesema bado, mwenzake anakwenda ubaoni kumwonyesha, na kucheka ni marufuku. Mwanzoni hakuna aliyethubutu. Ikabidi Mama Kengele mwenyewe anyooshe kidole kule nyuma: "Mwalimu, mimi bado." Watoto walimhurumia, wakagombania kumfundisha.

Ijumaa mwalimu mkuu alipoingia, hakuniachia hata chaki. Aliandika arobaini na mbili kutoa kumi na saba, akaeleza mbiombio, akageuka. "Mmeelewa?"

Binti wa dawati la mbele akasema taratibu, "Bado, mwalimu."

Jirani yake alishafika ubaoni: mbili haiwezi kutoa saba, kwa hiyo inabisha hodi kwa nne, inakopa fungu moja la kumi. Binti akampokonya chaki, akamalizia mwenyewe. Ishirini na tano.

Mwalimu mkuu aliutazama ubao, akawatazama watoto, akanirudishia chaki yangu.

"Basi hili bado ni darasa lako."

Jumatatu ikawa zamu yangu kukaa nyuma, darasa la nne. Mama Kengele naye ana lake: kila sentensi anauliza, "Mnanisikia?" Kwa sauti ile, hata ng'ambo ya mto wanaitikia.