Mtihani wa Mzee Wepukhulu

Mzee Wepukhulu alivunjika nyonga akiwa kazini, yaani matangani. Alikuwa amepanda juu ya kreti ya soda kule Kisian, kipaza sauti mkononi, akiwahakikishia waombolezaji kwamba ndugu wa marehemu wataongea kwa ufupi, jambo ambalo halijawahi kuonekana tangu watu waanze kuzikwa. Kreti ikachoka kusikiliza. Marehemu alizikwa bila mwenyekiti, naye mwenyekiti akakimbizwa Kisumu nyuma ya pikapu ile ile iliyokuwa imeleta jeneza.

Alikuwa mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha watu wa Bungoma wanaoishi Otonglo. Chama hicho kilikuwa na hema lake, viti vyake, masufuria ya kupikia umati na kwaya yake. Kilikuwa pia na makamu mwenyekiti, Fabian, mtu aliyekisubiri kile kiti mpaka akaota mvi za kusubiri. Kwa kuzika, chama hakikuwa na mpinzani barabara yote ya Busia. Kuuguza ndiko kulikokuwa hakujawahi kuwekwa kwenye ajenda.

Mke wa mzee, Nelima, alikuwa mwanamke wa watu. Nyumba yake haikujua komeo mchana. Birika lilishinda jikoni likichemka, na anayepita aliitwa aingie, awe jamaa, muuza mkaa au mtu aliyepotea njia tu. Siku ambayo hakuna aliyekuja, Nelima alijiuliza amemkosea nani. Kwa hiyo mzee alipolazwa, alifanya kile ambacho moyo wake ulimwambia ni mapenzi: alikaa kwenye benchi la hospitali akapiga simu mpaka sikio likawa moto. "Kujeni mwone Mzee. Kujeni nyote."

Upasuaji ulikwenda salama. Mzee alitiwa nusukaputi, nyonga ikatengenezwa, akarudishwa wodini akikoroma kama mtu aliyeshiba. Alipoamka aliulizia chai. Nelima akamshukuru Mungu kwa sauti, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaitikia amina.

Jua lilipoanza kuinama, mambo yakageuka. Mzee alianza kuchunachuna shuka kana kwamba anatoa mbegu za pamba.

"Toa hizo mbuzi chini ya kitanda," akasema.

"Mbuzi gani, Baba Sylvia?"

"Zinakula viatu vya watu. Na wewe," akamtazama kwa adabu ya mgeni, "wewe ni bibi ya nani?"

Nelima alikuwa ameolewa naye tangu akiwa msichana wa kidato cha pili. Alicheka, kwa sababu hakujua la kufanya na uso wake. Kisha akaenda msalani akafungua bomba ili asisikike.

Kesho yake wakaja. Nasambu, rafiki yake wa kufa na kuzikana na msambazaji mkuu wa habari za Otonglo, ndiye aliyefika kwanza, na kwa hiyo ndiye aliyefungua mtihani. Alisimama miguuni mwa kitanda, akaweka mikono kiunoni.

"Mzee! Unanijua mimi ni nani?"

Mzee alimkazia macho. Akasema kwa uangalifu, "Wewe ni kabati."

"Uuuwi!" Nasambu akashika kichwa. "Wamemwamsha nusu! Nusu ingine imebaki huko kwa chumba!"

Kufikia wakati wa kufunga milango, habari hiyo ilikuwa imefika Otonglo, ikapita Kisian, ikawa njiani kwenda Busia. Na mtu wetu akiambiwa kwamba mgonjwa hajui watu, hakai nyumbani akasikitika. Anavaa viatu aende akahakikishe kama na yeye amesahauliwa. Wakaja wanakwaya, wakaja majirani, akaja mwanamke aliyewahi kuuziwa kuku na mzee. Wakapanga foleni kama watu wa kupiga kura, na kila aliyefika mbele aliuliza lile lile. "Unanijua?" "Mimi je?" "Na huyu wa nguo ya kijani?" Aliyetajwa jina vizuri alitoka wodini kifua mbele. Aliyekosewa alinuna. Wasike fundi viatu, aliyeitwa jina la adui yake, aliapa hatarudi tena.

Mtahiniwa mwenyewe alikuwa ameingia kwenye chumba cha mtihani bila macho, bila masikio na bila meno. Maana siku ya kulazwa Nasambu alimnong'onezea Nelima kwa simu kwamba hospitali hata kivuli kinaibiwa. Nelima akachukua miwani ya mzee, mashine yake ya sikio na meno yake ya bandia, akavifunga kwenye leso, leso akaitumbukiza kwenye mkoba, mkoba akaukalia. Kwa hiyo mzee aliona ukungu wenye kofia, akasikia mvumo wenye maswali, na alipojibu alitoa maneno yaliyolowa. Usingizi nao alipewa wapi? Kila akifumba jicho, mtu alimgonga bega amuulize kama anamjua.

Jumatano Fabian aliwasili na chama kizima, rasmi. Walikuja na viti vyao, kwa sababu chama hakiendi mahali bila viti. Wanaume wakavua kofia. Kwaya ikajipanga ukutani, sauti ya tatu ikabanwa na mtungi wa oksijeni. Fabian akasimama kichwani mwa kitanda, akakohoa kile kikohozi cha kufungulia vikao.

"Mama Sylvia, tumekuja kama familia," akasema. "Lakini pia tumekuja kuona. Chama hakiwezi kuongozwa na mtu ambaye... unanielewa."

"Mtu ambaye nini, Fabian?"

"Ambaye mbuzi wako chini ya kitanda."

Kwaya ikaanza wimbo. Waliimba ule wanaoimba kila Jumamosi makaburini, kwa sababu ndio wanaoujua wote. Na hapo mzee akafufuka. Aliinuka kwa viwiko, dripu ikayumba, uso ukachukua ile heshima ya kazini. Hakuona wodi. Aliona viti, kofia mikononi, kwaya ukutani, akajua yuko mahali pake.

"Asanteni," akasema. "Asanteni, wananchi. Tutaketi. Familia wako wapi? Wapewe nafasi mbele." Akatazama huku na huku katika ukungu wake. "Na mwili? Mbona sioni mwili? Marehemu ni nani leo?"

Watu waliangalia sakafu, wengine wakatazamana, na wawili watatu, Mungu awasamehe, wakamtazama yeye. Mzee aliyafuata yale macho. Akaangalia shuka jeupe lililomfunika, akalipapasa polepole mpaka kifuani.

"Ala," akasema. "Kumbe ni mimi."

Akaanza kulia. Hakulia kwa kelele. Alilia kama mtoto aliyeachwa sokoni anayejikaza. Kwaya ikaendelea na ubeti wa pili, maana ilikuwa haijaambiwa isimame.

Sista Beldina, muuguzi wa zamu, aliingia kama mvua ya upande wa ziwani. "Yawa! Hii ni wodi ama ni nini? Tokeni! Viti pia! Wewe wa kofia, toka!" Aliwafagia wote mpaka nje, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akatoka angali anaimba.

Jioni hiyo Daktari Tahira, yule aliyemlaza mzee kwa nusukaputi, alimketisha Nelima kwenye korido. Alikuwa mwanamke mdogo, mchovu, kilemba chake cha kazini kimekaa upande.

"Mama, bwana yako hajarukwa na akili," akasema. "Ubongo wa mtu mzima ukipitia ajali, maumivu, upasuaji na dawa za usingizi, yote kwa mpigo, unaweza kuchanganyikiwa. Tunaona hivyo mara nyingi, hasa kwa wazee waliovunjika nyonga. Asubuhi yuko sawa, jioni anaona mbuzi."

"Atarudi?"

"Wengi hurudi. Wengine baada ya siku chache, wengine inachukua wiki, hata miezi. Siwezi kukuapia. Nimepima damu, nimeangalia kama kuna maambukizi, hiyo sehemu niachie mimi. Sehemu ingine ni yako. Alale usiku. Mchana aone mwanga. Anywe maji. Awe na sauti moja au mbili anazozijua, zimwambie kwa upole yuko wapi na leo ni siku gani. Asipewe mtihani. Kila akishindwa swali anaogopa, na woga unamzidishia." Akaweka sawa kilemba chake. "Na kwa nini anakaa bila miwani? Hasikii pia. Hana mashine?"

Nelima alihisi mkoba unamchoma makalio.

"Iko," akasema. "Iko salama kabisa."

Alifungua leso pale pale kwenye korido. Daktari akaviangalia vile vitu vitatu, akafungua kinywa, akakifunga. Hakumcheka, na hilo ndilo lililomuuma Nelima zaidi. Ni yeye aliyempofusha mumewe kwa upendo, akamziba masikio, kisha akamwitia mji mzima uje umuulize maswali.

Tangu hapo Nelima akawa mlango. Alikaa kwenye kiti cha plastiki penye kizingiti cha wodi, na kila aliyekuja na matunda, Nelima alipokea matunda, akamrudisha mwenyewe. Mtu hawezi kufundishwa uchoyo wa watu katika siku moja. Nasambu alipoambiwa mzee amelala, alicheka akidhani ni mzaha.

"Mimi? Mimi Nasambu unanizuia?"

"Nakuzuia wewe kwanza, dada. Wewe ndiye unaanzishaga."

Hapo maneno yakatoka na miguu yao. Mara Nelima amemficha mzee kwa sababu amekufa. Mara hajafa ila anabweka. Mara ni yeye Nelima aliyewaambia madaktari wazidishe dawa. Kwenye kibanda cha chai cha Otonglo, watu waliokuwa wamekula ugali wake nusu ya maisha yao walisema siku zote walimwona ana roho ya kujitenga.

Alivumilia, kwa sababu kila asubuhi mzee alirudi hatua moja. Akamtambua Sista Beldina, akamsifu. Akauliza kwa nini nyonga inauma, akaambiwa, akakumbuka kreti. Lakini jioni alizama tena, na kila alipozama Nelima alimshika mkono: "Uko Kisumu, Baba Sylvia. Leo ni Ijumaa. Ni mimi, Nelima." Mara nyingine alimwitikia, "Asante, mama," kama anayemshukuru karani wa posta. Hapo ndipo Nelima alipoogopa, maana aliwaza: je, huyu ndiye nitakayeishi naye? Mtu mpole asiyenijua?

Jumamosi waliruhusiwa kwenda nyumbani. Jumapili baada ya ibada, Fabian akaja na chama langoni.

Kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe, lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Nelima alisimama ndani, kanga kiunoni.

"Fungua, Mama Sylvia. Ni kikao tu. Tumuulize maswali mawili matatu, tujue."

"Hamuulizi kitu."

"Basi unakubali akili haiko."

"Nakubali mtu amepasuliwa. Wewe ukitoka kwa nusukaputi, Fabian, nitakuja na kwaya nikuulize jina la nyanya yako."

Watu wakacheka, hata wa upande wa Fabian. Lakini yeye hakuwa mtu wa kurudishwa na kicheko. Akaagiza viti vipangwe pale pale barabarani, ng'ambo ya ua. Kama mwenyekiti hawezi kuonekana, akatangaza, basi kiti kiko wazi, na yeye kama makamu anapendekeza, kwa uzito mkubwa wa moyo, jina lake mwenyewe. Nasambu akaunga mkono, kwa vile alikuwa bado amekasirika. Pikipiki zikapunguza mwendo kutazama. Nelima alishika mnyororo kwa mikono miwili. Angeweza kufungua. Angeweza kumtoa mzee, amwambie ataje majina, aokoe kiti chake. Na kama angeshindwa jina moja tu, angemwona tena akipapasa shuka.

Hakufungua.

"Wanaokubali wainue mikono," Fabian akasema.

Dirisha la chumba cha kulala likasukumwa.

"Ajenda iko wapi?"

Sauti ilikuwa nyembamba, yenye kukwaruza, lakini meno yalikuwa ndani yake. Barabara nzima ikageuka. Uso wa Mzee Wepukhulu ulikuwa dirishani, umekonda, nywele zimesimama upande mmoja.

"Nauliza ajenda. Kikao cha kubadilisha viongozi kinatangazwa wiki mbili mbele, na hakifanywi barabarani kama mnada wa ng'ombe. Nasambu, huwezi kuunga mkono kabla pendekezo halijarudiwa, ni mara ngapi nimekwambia? Wasike, shusha mkono. Fabian, keti."

Fabian akaketi. Aliketi kabla hajajua ameketi, na alipojua ilikuwa imechelewa, watu walikuwa wameshaanza kupiga vigelegele. Nasambu aliruka juu na chini akilia machozi ya kweli. "Ametujua! Ametutaja sote! Nelima, fungua tumsalimie!" Wote wakasogea, mikono ikapenya kati ya vyuma vya lango, na mnyororo ukalia.

Nelima aliwaona: nyuso zote alizozipenda, zimejaa furaha, ziko tayari kuingia, kukaa, kunywa chai mpaka jua lizame. Moyo wake wote ulikwenda kwao. Alisikia hata birika jikoni.

"Wiki ijayo," akasema. "Mje wawili. Wawili wengine keshokutwa yake. Na hakuna kuuliza mtu kitu."

"Unaringa, Nelima!" mtu akapaza sauti.

"Naringa," akajibu, akageuka.

Chumbani, mzee alikuwa amerudi kwenye mto, anahema kwa ile kazi ya kufika dirishani. Jasho lilikuwa kwenye paji la uso.

"Wameenda?" akauliza.

"Bado. Wanapiga domo hapo nje."

"Wanasema nini?"

"Wananisema mimi."

Mzee akamtazama kupitia miwani, kwa makini, kama mtu anayesoma kibao kilicho mbali, na Nelima akajizuia asimuulize kama anamjua. Hakuuliza. Alimpa maji, akamwambia ni Jumapili, akavuta pazia nusu ili mwanga ubaki. Mzee alifumba macho kabla ya kusema kama alikuwa amekisoma kile kibao au la.

Nje, Nasambu alikuwa anaanza kusimulia upya, na katika masimulizi yake mzee tayari ameongea saa nzima. Nelima alisikia kila neno, na kila neno lilimwasha aende akalirekebishe. Alikaa pembeni ya kitanda, akaikunja mikono yake kwenye kanga, akamwacha mumewe alale.