Arobaini ya Simu

Kijijini kwetu Bukovets, juu kwenye milima ya Rodopi, simu ya mkononi haina kazi ila kutazama saa. Simu inayoita ilikuwa moja tu, ya waya, nyumbani kwa Bibi Stamena. Majira ya baridi yaliyopita moyo wake ulipogoma, ndiyo iliyomwita daktari.

Kampuni ya simu ikataka kuung'oa waya. Serikali ikaagiza: pasipo mtandao, waya ubaki. Kampuni ikakimbilia mahakama kuu. Siku ya hukumu tulijazana kwa bibi mbele ya televisheni. Jaji akasema sheria haikuipa serikali mamlaka ya kutoa agizo lile, limefutwa.

"Kashinda nani?" akauliza bibi.

"Sheria, bibi."

"Hongera zake. Aje basi anishike mkono nikianguka."

Kwetu mtu akifa, karatasi yenye picha yake hubandikwa langoni na kwenye nguzo. Kesho yake nikabandika ya simu kwenye nguzo ya waya wake: "Kwa majonzi tunatangaza kifo cha mpendwa wetu Simu, aliyetutoka ghafla mikononi mwa sheria. Ameacha mjane, Stamena."

Bibi alicheka hadi akashika kifua. "Penko, na mvi zako zote, huna haya! Haya, na arobaini nitampikia." Yaani ngano ya kuchemsha yenye sukari na kokwa za jozi, chakula cha kumkumbukia marehemu.

Fundi wa kampuni alipofika, aliiona karatasi, akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akasoma. Akairudisha kofia kichwani.

"Mnanicheka, mjomba?"

"Wewe mchimba kaburi tu, mwanangu. Panda, maiti inaoza."

Akapanda, akakata. Aliposhuka hakunitazama.

Siku ya arobaini nilikwenda kwa bibi na chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda, tumlilie marehemu vizuri. Ngano ilikuwa tayari siniani, sukari juu yake laini kama theluji, msalaba wa jozi katikati. Bibi alikuwa sakafuni kando ya jiko, midomo ya buluu.

"Piga," akaninong'oneza.

Simu ilikuwa bado mezani pake, juu ya kitambaa cha kufuma. Hakuwa na moyo wa kuiondoa. Nami, mpumbavu, nikaiinua nikaitegea sikio. Kimya.

Nikakimbia hadi kule malishoni juu, ambako mtandao hushika upepo ukipenda. Nikapata mtu wa huduma ya dharura. Sauti nzuri, ya adabu. "Mgonjwa anapumua?" akauliza. Ningejuaje? Mimi nilikuwa mlimani, mgonjwa bondeni.

Ile ngano tuliila kwenye mazishi yake. Aliipika vizuri, sukari hakuibania.

Karatasi yake niliibandika chini ya ile ya simu, bila utani wowote. Nguzo ipo bado. Hukumu ilihusu waya tu.