Makofi ya Bure

Gari ya mikro ilipita mutaa wetu wa Kadutu ikitangaza: "Wananchi wote! Jumamosi kisha saa sita ya muchana, jardin, bustani ya Ibanda, kando ya ziwa! Musiki ya jazz! Wapigaji wa Bukavu na wageni! Kuingia ni bure!"

Aka! Serikali ya Zaïre ilitupa lini kitu ya bure? Mwenye aliumwa na nyoka, hata kamba inamuogopesha, na sisi nyoka ilikuwa inatuuma kila Jumamosi: salongo. Unafagia barabara, unazibua mifereji, unakata majani, yote bila mushahara, na kama askari anakukuta bila jembe mukononi, ole wako.

Jirani yangu Eulalie alikuja mbio na sahani ya maharagi angali anaichagua.

"Domitille, majani ya ile jardin imekuwa murefu. Wanatafuta watu wa kuikata. Musiki ni chambo."

"Lakini Lucien atapiga mule."

"Njo sababu iko chambo ya muzuri."

Lucien ni bwana yangu. Ku poste, kwenye alikuwa anatumika kazi ya barua, walimwita citoyen Bisimwa, maana majina ya ubatizo ilikatazwa. Ku nyumba alibakia Lucien, wapende wasipende. Mapadri walimufundisha kupuliza klarineti mu fanfare, ile bendi ya parokia, kisha chama ya serikali ikamuchukua. Kila sherehe ya chama anapiga, wamama wanacheza, na mutu mumoja anasimama mbele yetu na kuinua mukono. Akiinua, makofi. Akishusha, kimya. Lucien alipigiwa makofi ya kubomoa kanisa, na hakuamini hata moja.

Ile wiki hakulala vizuri. Aliniambia: "Domi, mu jazz mutu anapiga peke yake, vile roho yake inamutuma, na watu wakipenda wanapiga makofi palepale. Hakuna wa kuinua mukono. Mbele ya kufa, nataka kujua kitu kimoja tu: najua kupiga, ao sijui?"

"Unajua."

"Wewe ni bibi yangu. Unapashwa kusema vile."

Iliniuma, siwezi kuficha.

Basi Jumamosi tukashuka Ibanda, na usiniulize kama nilibeba jembe. Nilibeba! Eulalie alibeba lake. Mwalimu Donatien wa mutaa wetu alifunga coupe-coupe, panga yake, ndani ya gazeti, sababu yeye alisoma. Kufika kule, tukakuta karibu muji muzima na majembe. Muzungu mumoja, mupigaji wa tromboni, alipotuona tunaingia vile alirudi nyuma ya jukwaa, alifikiri vita imefika. Commissaire, mukubwa wa serikali mu muji, ndani ya abacost yake, suti ya bila tai, akauliza chef wa mutaa: "Nani aliita salongo?" Chef akatazama viatu vyake.

Tukakaa chini, majembe juu ya magoti. Hakuna askari alitupa kazi, na hiyo njo ilituzidishia woga.

"Wanangoja tuzoee," Eulalie akaninong'oneza. Kisha akanigonga na kiwiko. "Nyuma yetu, ule wa miwani nyeusi. Anaangalia nani anafurahi."

"Basi usifurahi."

"Sijaanza."

Wageni wakapiga. Wimbo ikiisha, tunamuangalia commissaire. Akipiga makofi, sisi wote tunapiga. Akiacha, tunaacha.

Halafu Lucien akasimama. Wenzake wakashusha vyombo, besi tu ikabakia chini, polepole. Alianza kwa sauti ya mutu mwenye anaongea na mugonjwa. Kisha akapanda, akavunja, akarudi kuokota vipande, akajenga kitu ingine nayo. Miaka yote nilimusikia, lakini ile sikuwahi kuisikia. Palepale alikuwa anaitunga.

Akamaliza. Besi ikaendelea kungoja.

Kimya.

Watu wote walimuangalia commissaire. Commissaire hakujua kama wimbo imeisha, akamuangalia mutu wa protocole, mwenye kupanga sherehe. Wa protocole akamuangalia muzungu wa tromboni. Na Lucien kule juu, klarineti imeshuka ku tumbo, alikuwa anatuangalia sisi.

Ningefanya nini? Kupiga makofi mbele ya commissaire, mu Zaïre ile? Kesho wangeniuliza nani iko nyuma yangu, na miwani nyeusi ilikuwa palepale, ku mugongo. Lakini bwana yangu alikuwa anakufa akisimama. Hasira ikanipanda. Nikatupa jembe, nikapiga makofi peke yangu, pa, pa, pa, kama mutu wa kuua mbu. Miwani nyeusi ikanigeukia. Commissaire akanitazama, akafikiri pengine saa ya makofi imefika, naye akapiga. Basi jardin yote ikapiga.

Lucien akainama. Hakucheka hata kidogo.

Ku nyumba aliweka klarineti juu ya meza, akakaa.

"Domi, nani aliwatuma kupiga makofi?"

Nilitaka kumurushia sufuria. "Hakuna mutu! Nilianza mimi, na hii mikono yangu!"

"Na wengine?"

Wengine walifuata commissaire, na commissaire alinifuata mimi. Ningeapa nini?

"Unaona," akasema, na akaanza kufungua klarineti kipande kwa kipande.

Mulango ikasukumwa. Eulalie akaingia bila salamu, macho mekundu, hasira imemujaa.

"Papa Lucien, ulituwekea nini mule?"

"Mule wapi?"

"Mu klarineti! Mimi hata makofi sikupiga, nilikuwa ninapangusa machozi. Nililia mbele ya ule wa miwani, mbele ya muji yote, na kwetu hakuna mutu amekufa! Narudi ku nyumba, nawasha moto, ninalia tena, watoto wananiuliza nani amenipiga. Ni dawa? Mapadri walikufundisha nini kule?"

Lucien akamukazia macho. "Maman Eulalie, nani alikutuma kuniambia hii?"

"Kunituma? Mimi? Nimekuja kukugombeza!" Akagonga meza na ngumi, vipande vya klarineti vikaruka. "Na uache kabisa ile wimbo ya mama yangu. Mama yangu alikuwa ananiimbia ile peke yangu, mu mashamba kule Walungu. Nani alikuonyesha?"

Hakuna mutu alimuonyesha. Mama ya Eulalie alikufa mbele ya sisi kuhamia Kadutu. Nilimugeukia Lucien nimuone. Alikuwa amefunika uso na mikono mbili, na mabega ilikuwa inatetemeka.

Eulalie akarudi nyuma mpaka ku mulango.

"Unaona, Domitille?" akasema. "Na yeye, dawa imemushika!"