Amina ya Kabatesi

Kila Ijumaa Kabatesi wa Gisenyi na mdogo wake Uwimbabazi wa Goma walikuwa wakifunga pamoja. Jioni wanapigiana simu, wanaomba, kisha kila mtu anakula ugali wake upande wake wa mpaka wa Rwanda na Kongo. Walijisifu sana kwa hilo, kana kwamba wao ndio waliogundua upatanisho.

Ijumaa hii Uwimbabazi alikuwa analia. "Mutoto wangu Igor alisha kwenda, dada. Aliingia mu Wazalendo, benye kupiganisha Rwanda. Pasta yetu alimupaka mafuta mbele ya kanisa. Donc leo tuombe Mungu apige adui."

"Adui gani?" Kabatesi aliuliza, ingawa alijua. Mwanawe Ntwari ni mwanajeshi wa Rwanda, yuko zamu mpakani hapohapo.

Uwimbabazi akajibu, "We ombea mutoto wako, mi niombee wangu." Simu ikakatwa. Ugali ukapoa mezani. Kabatesi hakujua kama saumu imekwisha au ndiyo kwanza imeanza.

Jumapili, kwenye ibada ya Kiswahili huko Gisenyi, Pasta Gasana aliwaita mbele mama wa wanajeshi, kama ulivyo mtindo wake siku hizi. Kila mmoja anataja jina la mwanawe na kanisa linaitikia. Kabatesi alisimama kichwa kimemvurugika. Mungu ni mmoja, nyimbo ni zilezile huku na kule, sasa maskini afanyeje huyo Mungu, ajikate vipande?

"Ntwari," akasema.

"Mulinde, Bwana!"

Hakupanga, jina lilimponyoka. "Na Igor."

"Mulinde, Bwana!" kanisa likanguruma, bila kujua linamwombea nani. Kabatesi akajawa na furaha na woga kwa pamoja.

Umuhoza, mama mwenzake aliyesimama naye bega kwa bega, akamnong'oneza, "Mama Ntwari, kumbe iko na wawili mu jeshi?"

"Wote wawili nilibanyonyesha," akajibu. Haukuwa uongo: Igor alipozaliwa, mama yake alikuwa mahututi hospitalini, na maziwa ya Kabatesi ndiyo yaliyomlea.

Hapo Pasta Gasana akainua mikono juu. "Na adui zao, Bwana, uwaangamize!"

"Amina!"

Kabatesi aliisikia sauti yake mwenyewe humo ndani, kubwa kuliko zote. Akarudi kukaa, kiganja mdomoni, akijiuliza ni yupi kati ya wanawe amemwombea kifo.