Salamu za Shavu la Mguu

...elfu tatu nzima nimempa mganga wa Mwandiga anichanje chale, na huyu Daktari Telesphory ananiambia si kurogwa, si baridi yabisi, ni mishipa ya damu imekuwa myembamba, mzee, na nani kamwambia mimi mzee, vidole vyake viwili viko juu ya mguu wangu vinatafuta mapigo, "Tulia, Mzee Nduwayo, usivute mguu," nimetulia, wewe ndiye hutulii, mkononi kapima presha iko juu, kifundoni mwa mguu kafunga kitambaa kilekile cha presha akakunja uso, "Huku ni ndogo mno, damu haishuki vizuri," haya, mimi fundi baiskeli sifundishwi habari za mpira wa pampu ulioziba, hata kama kazi nimejifunza mwenyewe, "Unatembea mpaka wapi ndipo uumwe?" mpaka kwa jirani yangu Mama Happiness, hapo shavu la mguu linakaza kama kamba, nasimama, linaachia, naenda, linakaza tena kwa Selestini... na utasimamaje mlangoni kwa mtu kimya kama mwizi, lazima usalimie, amahoro mama, watoto hawajambo, chikichi zimeiva, na sasa Rusimbi nzima wanasema yule Mrundi mkali kawa mtu wa watu, mimi, nisiyemdanganya mteja hata kwa kiraka, nadanganya mtaa mzima kwa salamu, juzi Mama Happiness kanitolea kigoda, "Keti baba, ni wewe tu unayekumbuka kunijulia hali," nikaketi, uso unaniwaka, tangu Kagunga mpakani, tangu sisi wakimbizi tuliposukumana kwenye boti na mke wangu Lyse akabaki ufukweni kule, hakuna aliyeniambia keti... na Daktari huyu akizibua mishipa nitapita moja kwa moja, mlango hadi mlango, sina sababu ya kusimama, nani ataniita... "Sigara uache leo hii, na utembee kila siku, ukiumwa simama, ukipoa endelea," kumbe kusimama ndiyo dawa, basi nitasimama, nitamwambia, mama, mguu ndio ulionileta kwako, sikuja kukujulia hali, akitaka anyanyue kigoda chake, asipotaka nitakaa, nitakaa kwa haki... vidole vya Daktari bado viko palepale mguuni, havijapata mapigo, "Na usiku ukilala unauma?" unauma, nauning'iniza kando ya kitanda upate nafuu, hilo sikumwambia hata mganga, "Na hiki kidonda cha kidole?" kina mwezi, Daktari, hakifungi, anakitazama, ananitazama, "Tutaona, mzee, tutaona," tutaona nini, Daktari, mimi nimekwambia yote, hata yasiyosemeka, sasa na wewe nipe langu: mguu unabaki au unakatwa?