Mgomba wa Otema

Godoro lilikuwa limeshafungwa juu ya pikapu, na Acan ana kuku wake kwapani, chombo cha anga kiliposhuka ziwani Ggaba. Alikuwa anahama nyumba za Idara ya Safari za Juu, kule Mbuya, maana mjane hakai pale.

Chombo kilitua katikati ya mitumbwi, kimeungua ubavu mmoja. Wauza samaki wakasogeza sangara wao kando. Akatoka Otema, mume wa Acan, ndevu mpaka kifuani. Hakukanyaga mchanga, alielea shibiri moja juu yake. Rukiah, aliyekuwa akimuuzia samaki zamani, akamfunga leso kiunoni, wakapanda bodaboda kwenda Mbuya kwa Acan, ameishika ncha asipeperuke.

"Mzee, mimi nilikulilia wewe," Rukiah alimwambia njiani. "Sasa machozi yangu nani anarudisha?"

Otema akacheka.

Miaka mingi iliyopita, redio ya chombo ilipokatika, Idara ilisema amekufa. Ikamwambia Acan azike, la sivyo atatolewa nyumbani. Mwili hakuna, basi, kwa desturi ya kwao, akazika shina la mgomba kwa jina la mumewe. Ardhi ikapokea. Idara ikamwaga zege juu, na baadaye ikamtoa vilevile.

"Uzito wangu uko mle," Otema alisema walipofika, Acan akimvuta chini kwa leso.

"Najua. Jembe nilishika mimi."

Dawa yake inajulikana: aliyezikwa hivyo akirudi, shina hufukuliwa, naye akakanyaga ardhi tena. Wakaenda kwa Afande Siraje, mkubwa wa Idara. Alikuwa anakunywa chai.

"Afande, niko hai," Otema alisema kutoka darini.

"Naona. Lakini hiyo kaburi ni ya shujaa. Shujaa hafukuliwi, bwana."

"Shujaa ndiye mimi."

"Wewe? Wewe iko na kelele. Ile ya chini inanyamaza."

Nyumba ya Mbuya alipewa dereva wa Idara. Rukiah anakausha samaki juu ya chombo. Acan alipanga chumba Wandegeya. Yeye analala sakafuni, Otema darini, leso imefungwa mkononi mwa mkewe. Siraje alipandishwa cheo. Mwaka huo mgomba ulipasua zege, ukazaa mkungu mmoja wa matoke, mzito kama mtu. Wanaume wanne waliubeba. Ulipikwa kwenye sherehe ya Siraje, na ufa ukazibwa.